Mmisionari Kambini: Ahubiri au Anyamaze?

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, iliyokuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, ubavu wa mlima Hanang uliokuwa umeshiba maji ya mvua ulimeguka. Matope yakashuka pamoja na mawe na magogo, yakapita mashambani, yakafunika nyumba za Gendabi na vijiji vya jirani, yakaingia hata mjini Katesh na sokoni. Watu 89 walipoteza maisha. Waliosalimika pasipo kubakiwa na nyumba walipokewa katika shule zilizogeuzwa kuwa kambi. Na madarasa ambayo juma lililotangulia yalikuwa na madawati na ubao, yakawa na magodoro, ndoo za maji na watoto wanaolia usiku.

Mwenye kuijua nchi ya Hanang anajua ni watu gani waliokaa katika madarasa yale. Wako Wabarbaig, ambao wengi wao wangali wanashika ibada za mababu zao. Wako Wairaqw, Wakatoliki kwa Walutheri. Wako Waislamu wa mjini, wenye maduka na vibanda vya sokoni, na Wanyaturu waliotoka upande wa Singida. Siku za kawaida kila mmoja ana nyumba yake na mahali pake pa kusali. Maafa huwakusanya wote wakala uji wa sufuria moja.

Katika kambi za namna hii, hapa kwetu na penginepo duniani, mara nyingi huonekana pia mmisionari aliyekuja kujitolea. Pengine ni padre mzee wa shirika fulani, pengine ni sista mwuguzi, pengine ni kijana mlei aliyeomba ruhusa ya miezi mitatu. Hakutumwa kuanzisha parokia. Ameomba kazi, naye amepewa upawa na aproni, akawekwa chini ya amri ya afisa mtendaji wa kata au ya kijana wa Msalaba Mwekundu ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake. Anagawa makande, anahesabu mablanketi, anashika taa wakati wenzake wanapochimba choo. Nasi tungependa leo kuuliza pamoja na wasomaji wetu swali ambalo huulizwa kwa sauti ndogo kila mara maafa yanapotokea: mtu huyu, ambaye maisha yake yote ameyatoa ili kuitangaza Injili, aitangaze pale kambini, au anyamaze?

Wako Wakristo wema wanaojibu upesi kwamba aitangaze. Husema: "Sasa ndipo mioyo ya watu imelainika, asipopanda sasa, atapanda lini?" Neno hilo tumelisikia zaidi ya mara moja, na hutamkwa kwa nia njema. Walakini lina kosa ndani yake. Moyo uliolainika na moyo uliovunjika si kitu kimoja. Mtu aliyezika watoto wawili siku ya Jumanne, na siku ya Alhamisi akaambiwa apange foleni ya unga, hajalainika; ameumia. Anayemwona kama shamba lililotifuliwa tayari kwa jembe la mwingine, hajamwona bado.

Lugha yetu inalo neno moja ambalo lugha nyingi hulikosa, nalo ni masimango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha wema uliomtendea, ili kumwumiza au kumtiisha. "Nani alikulisha ulipokuja hapa mikono mitupu?" Kila mtu aliyelelewa kwa jamaa, au aliyewahi kuishi kwa ndugu mwenye uwezo, anaujua uchungu wa maneno hayo, nao hupita uchungu wa njaa yenyewe, wako watu waliotoka usiku wakaacha chakula mezani kwa sababu ya masimango. Tena hayahitaji kutamkwa. Jicho linatosha. Kukohoa kidogo mlangoni kunatosha. Wazee wetu walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Nasi twaongeza kwamba mkono uliojaa yaupasa kujichunga, kwa maana utalambwa hata usipotaka. Mmisionari anayempa mtu blanketi kwa mkono wa kulia na kitabu cha katekisimu kwa mkono wa kushoto hajasema lolote baya. Lakini yule mama anayepokea ameona mikono yote miwili, na moyoni mwake ameanza kupiga hesabu ya bei.

Yasidhaniwe kuwa haya ni mawazo ya siku hizi tu, au kwamba tumeyaokota kwa watu wasiopenda dini. Shirika lile lile lililoleta imani Tabora, Bukoba na kando ya Ziwa Tanganyika lilizaliwa katikati ya swali hili. Mwaka 1867 Charles Lavigerie aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Algiers, katika nchi ya Algeria ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Wafaransa. Hakuwa amekaa sana alipokutana na ukame, nzige, kipindupindu, na kisha njaa kuu ya mwaka 1867 na 1868. Watoto yatima wa Kiislamu walitangatanga barabarani. Lavigerie akawakusanya kwa mamia, hata wakapita 1,000, akawatafutia mkate, nguo na walezi, akaenda kuwaombea fedha Ufaransa. Wengi wakafa mikononi mwa masista, wengi wakapona. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao babu zetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, na ambao mwaka 1878 walishuka Bagamoyo kuanza safari ya bara.

Njaa ilipopungua, Gavana MacMahon akataka watoto warudishwe kwa makabila yao. Alihofu, na Waislamu wa Algeria walihofu pamoja naye, kwamba askofu amewatwaa watoto kwa mkate ili awafanye Wakristo. Lavigerie akakataa kwa ukali, wakagombana hadharani, na habari ikafika hata kwa Mfalme Napoleon wa Tatu. Askofu alijitetea kwamba amewaokoa watoto wasife, kwamba hakuna atakayelazimishwa, na kwamba kuwarudisha wasio na baba wala mama ni kuwatupa tena. Mtu akiusoma ugomvi ule leo, hawezi kumwita askofu mwovu. Pasipo yeye watoto wale wangalikufa. Hata hivyo hofu ya wale Waislamu haikuwa upuuzi. Mtoto aliyeokotwa na njaa, akalishwa, akavikwa, akafundishwa kusoma na padre, siku akiulizwa kama ataka dini ya padre, ni jibu gani jingine analolijua? Baadhi yao walikua, wakaozeshwa wao kwa wao, wakapewa mashamba katika vijiji vya Kikristo alivyovijenga askofu, mbali na jamaa zao. Uhuru wa namna ile ulikuwa na ukuta kuuzunguka.

Jambo linalotushangaza ni yale aliyoyaamuru Lavigerie huyo huyo baadaye. Alipowatuma wana wake kukaa kati ya Waislamu wa milima ya Kabylia, aliwakataza kusema habari za dini. Waliagizwa kuwauguza wagonjwa na kuwafundisha watoto, basi. Na alipowatuma huku kwetu Afrika ya Maziwa Makuu, aliwaagiza kwamba mtu asibatizwe ila baada ya miaka 4 ya kungoja na kufundishwa. Miaka 4! Wako wamisionari walionung'unika kwamba ni mingi mno. Hatuwezi kusema kwamba ni yatima wa Algeria waliomfundisha askofu subira hiyo, kwa kuwa alikuwa na sababu nyingine pia, hasa desturi ya Kanisa la kale. Lakini twadhani tunaruhusiwa kuona kwamba mtu aliyewahi kushutumiwa kuwanunua watu kwa mkate ndiye aliyeweka sheria ambayo mwenye njaa ya mkate tu asingeweza kuivumilia hata mwisho.

Sisi Wakatoliki tumewahi pia kuwa upande wa pili wa foleni. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya Ireland, ambavyo ndivyo vilikuwa chakula cha maskini, na njaa ikakaa nchini miaka kadhaa. Watu wapatao 1,000,000 wakafa, na wengine zaidi ya hao wakavuka bahari. Katikati ya mwaka 1847 majiko ya supu ya serikali yaliwalisha watu wapatao 3,000,000. Pamoja na hayo walikuwako baadhi ya wahubiri wa Kiprotestanti walioona kwamba wakati umefika wa kuwageuza Wakatoliki, wakafungua shule na majiko ambamo supu iliambatana na mafundisho. Waliokubali waliitwa na jirani zao "wanywa supu", na tusi hilo liliwafuata hata wajukuu. Wataalamu wa historia wanatuambia kwamba mambo hayo hayakuwa mengi kama wasimulizi wanavyodai. Iwe hivyo; machache yale yalitosha kuitia sumu supu yote. Lakini watu wale wale wa Ireland hawajawasahau Marafiki, yaani Waquaker, wale ambao wenzetu wa Kenya wanawajua kwa misheni yao ya Kaimosi. Nao walikuwa Waprotestanti. Walileta masufuria, wakapika, wakagawa, hawakumwuliza mtu anasali wapi. Miaka zaidi ya 170 imepita, na jina lao lingali linatajwa kwa heshima katika nyumba za Wakatoliki.

Tumelitaja jambo la Ireland kwa sababu linatufikisha tena Hanang. Katika miaka ya 1940 Mapadre Wapalotini waliokuja kufanya kazi katika nchi ya Mbulu walitoka Ireland, na askofu wa kwanza wa Mbulu, Patrick Winters, alikuwa mmoja wao. Walikuwa watoto wa watu waliosimuliwa habari za supu jikoni kwa bibi zao. Hatujui waliwaza nini walipogawa mahindi wakati wa ukame chini ya mlima ule. Twajua tu kwamba hawakuhitaji kuelezwa na mtu mwingine jinsi mkate wenye masharti unavyokaa kooni.

Kanisa lenyewe limekwisha kunena. Tarehe 7 Desemba 1965, siku moja kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungwa, zilitangazwa pamoja hati mbili, moja juu ya kazi ya kimisionari na nyingine juu ya uhuru wa dini. Ya kwanza yakataza kumlazimisha mtu au kumvuta kwa hila aingie katika imani. Ya pili yaonya juu ya ushawishi usiostahili, tena yataja hasa maskini na wasiosoma. Papa Benedikto wa 16, katika barua yake ya kwanza ya mwaka 2005, Deus Caritas Est, alifundisha kwamba upendo hutolewa bure na haufanywi chombo cha kupatia kitu kingine. Na kwamba Mkristo ajue wakati wa kumtaja Mungu na wakati wa kunyamaza. Na mwaka 1994, mashirika ya misaada yalipoandika kanuni za mwenendo wao, Caritas Internationalis, shirika la Kanisa letu, lilikuwa kati ya yaliyozitunga. Mambo haya yameandikwa. Hayana haja ya kubishaniwa tena. Lakini sheria huonyesha tu kilichokatazwa, nasi twataka kujua sababu yake katika mambo ya kila siku.

Sababu twaiona mlangoni. Kwetu sisi mtu haingii nyumbani kwa mwenziwe pasipo kupiga hodi. Hupiga mara ya kwanza, akangoja. Hupiga mara ya pili, akangoja. Na asipojibiwa mara ya tatu huenda zake, wala hamkasirikii mwenye nyumba, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kutojibu. Hodi yote imejengwa juu ya haki hiyo. Nasi twaamini kwamba ndivyo Bwana wetu anavyoujia moyo wa mtu: husimama nje na kungoja afunguliwe. Sasa mtu wa kambini amepoteza kitu ambacho pengine hata yeye hajakitambua katikati ya hasara zake. Amepoteza mlango. Analala katika chumba cha watu 40. Anayetaka kuingia huingia. Kila mwenye daftari humwuliza jina, kila mwenye kamera humpiga picha. (Na hapa tuseme kwa kupita kwamba desturi ya kumpanga mjane mbele ya bango la shirika, akiwa ameshika mfuko wa unga ili apigwe picha, ni masimango yaliyochapishwa, tungefurahi kuiona ikikoma, kwanza katika parokia zetu.) Mtu asiye na mlango hawezi kukataa mgeni. Anaweza tu kumvumilia.

Tena wako watu wa kwetu ambao huvumilia kwa adabu kubwa mno. Mwafrika aliyelelewa vizuri hamwambii mzee mwenye mvi, aliyetoka kumpakulia chakula, kwamba hataki kusikia habari zake. Atasema ndiyo. Atatikisa kichwa. Atakubali kuja kesho. Mmisionari mgeni ataandika kwao kwamba watu wanaipokea Injili kwa furaha, kumbe wamepokea makande kwa adabu. Ndiyo ya namna hiyo haimfai Mungu, ambaye hana haja ya heshima iliyokopwa.

Hata hapo hatujafika kwenye kishawishi kigumu zaidi cha padre kambini. Kishawishi hicho huja pale Wakatoliki wenyewe wanapomwona. Tuseme bibi mmoja, mwenye rozari shingoni, anamvuta mkono kando ya ghala na kumwambia: "Baba, sisi ni watoto wako. Mablanketi yamebaki machache. Utawapa hata wasiosali?" Naye anamfahamu, alibariki ndoa ya mwanawe. Ni vigumu kumjibu bibi huyo. Akimpa yeye kwanza, wote watakaoona watajifunza kwa dakika moja maana ya kuwa Mkatoliki, na wengine wataanza kuvaa rozari kabla ya jioni. Basi itampasa amwambie: "Mama, foleni inaanzia kule," kisha avumilie jicho atakalotazamwa. Hiyo nayo ni sehemu ya kujitolea kwake, ingawa hakuna atakayeihesabu.

Msomaji mmoja atatushutumu: "Mnataka padre awe karani wa Msalaba Mwekundu? Amwonee haya Kristo?" Hapana. Mtu aonaye haya huificha rozari yake mfukoni; huyu tunayemsema haifichi. Watu wote kambini wanajua yeye ni nani. Wakatoliki wakiomba Misa, awasomee Misa, chini ya mti au katika darasa la mwisho, saa ambayo chakula hakigawiwi, na mtu yeyote asiweze kudhani kwamba waliohudhuria wanaandikwa. Wagonjwa wa Kanisa lake awapake mafuta. Akiitwa na mtu aliye katika hatari ya kufa, akiomba ubatizo, asimcheleweshe hata dakika. Hapo hakuna miaka 4. Na akiulizwa kwa nini ameacha nyumba yake kuja kulala sakafuni, aseme kweli, kwa maneno machache, kisha aendelee kuosha sufuria. Kuna maswali ambayo jibu lake refu huharibu. Kwa mfano lile la mzee anayeuliza kama mlima ulianguka kwa hasira ya Mungu: yatosha kumwambia kwamba ulianguka kwa sababu ya maji yaliyoingia katika mwamba dhaifu, na kwamba Mungu hakumkasirikia mtoto wake. Akae naye kidogo, asiongeze hotuba.

Linabaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote. Tuseme siku ya kumi mama mmoja wa Kibarbaig, ambaye mumewe alichukuliwa na matope, anamjia padre na kusema kwamba anataka yeye na wanawe wabatizwe. Hakuhubiriwa. Ameona tu jinsi sista alivyomwuguza mtoto wake usiku kucha. Je, si hilo ndilo tulilokuwa tukiliomba? Pengine ndilo. Pengine Roho Mtakatifu amesema naye usiku ule. Pengine pia ni mtu aliyelemewa na deni, akitafuta kitu cha kulipa, na hana kitu kingine cha kumpa padre ila yeye mwenyewe na wanawe. Padre hawezi kujua, wala mama mwenyewe pengine hawezi kujua, maadamu bado anakula kwa upawa wa padre. Kwa hiyo tungethubutu kumshauri asimkatalie, wala asimwandike. Amwambie kwamba neno lake limesikiwa na limefurahiwa, wala halitasahauliwa; kwamba sista alimwuguza mtoto bure, hakuna deni; na kwamba yuko katekista katika nchi yao anayeijua lugha yake, atakayemtembelea siku atakapokuwa amekwisha kupata makao. Kisha mmisionari amalize miezi yake, arudi alikotoka, na pengine asijue kamwe mwisho wa habari.

Mwezi wa Desemba 2024, mwaka mmoja baada ya maafa, waliopoteza nyumba Hanang walikabidhiwa nyumba mpya huko Waret. Zina kuta, mabati na milango yenye vitasa. Kwa mama wa namna hiyo, akiisha kuhamia nyumba kama zile, katekista aende kwa miguu, mchana, asichukue unga wala blanketi, apige hodi na kungoja. Na akijibiwa na mtoto kwamba mama hayupo, ingawa anamsikia akikohoa ndani, aache salamu, aende zake shambani, arudi juma jingine.